Pua Ikitazama Mto Unakotoka

Watu wa mjini wanadhani kufunga mtumbwi ni kamba na kigingi, basi, unaenda zako. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka tulipokuja Bujumbura na baba akabaki hana kazi aliyoiona kuwa kazi isipokuwa hiyo moja: kufunga mtumbwi usiokwenda popote kwenye ukingo wa Rusizi, kuufungua, kisha kuufunga tena vizuri zaidi.

Sisi ni watu wa ng'ambo ya mto huo, upande wa Uvira. Baba alikuwa mvushaji kama baba yake. Alivusha watu, mbuzi, magunia ya muhogo, mabibi harusi, na mara moja alivusha padri mnene aliyeshika mbao za pande zote mbili akisali kwa sauti, hadi baba akamwomba aachie upande mmoja, mtumbwi upate kupumua. Hadithi hiyo aliisimulia kila alipotaka kucheka, na sisi tulicheka kabla hajafika mwisho.

Halafu vita vya upande wetu vikaja, miaka ile ile ambayo upande huu walikuwa bado wanashangilia uhuru na bendera yao ilikuwa mpya. Asubuhi tuliyotoka, mama alikuwa amepanda mlimani kumchukua bibi, mama yake, mzee asiyeona vizuri na asiyependa kuharakishwa. Risasi zikasikika kabla hajarudi. Lakini mama alikuwa ameacha neno tangu jana yake. Kukitokea jambo, alisema, ninyi vukeni, msinisubiri. Mimi nitashuka na mama kwa njia ya bondeni, nitasimama pale kwenye michikichi miwili, na mtumbwi nitauona. Baba alisimama majini muda mrefu ameshika pondo, ule mti wake mrefu wa kusukumia mtumbwi, anaangalia mlima. Kisha akanipandisha tukavuka, mimi na yeye, na sufuria moja.

Mtu akisimama kwenye ile michikichi miwili, anaona kipande kimoja tu cha ukingo wa upande huu. Kushoto ni mafunjo marefu kuliko mtu, kulia vilevile. Hapo katikati ndipo baba alipofunga mtumbwi wake, na hakukubali kuufunga pengine. Palikuwa pabaya kweli. Udongo wake ulikuwa laini, mto ulipiga pale kwa hasira kabla ya kukunja kona, na jioni viboko walipanda palepale kwenda kula. Wavushaji wenzake waliokimbia kama sisi walikuwa wamepata ghuba ndogo chini zaidi, yenye kivuli na maji yaliyotulia. Wakamcheka. Walimwambia amekwenda kufunga mtumbwi ndani ya kinywa cha kiboko. Baba akawajibu kwamba kiboko ni jirani, ana mke mmoja na anajua maana ya kungoja. Hiyo si kweli kuhusu viboko, lakini aliisema kwa namna ambayo hakuna aliyebishana naye.

Mjini tulipata chumba Cibitoke, upande wa kaskazini, kwa mama mmoja fundi wa kushona. Kila asubuhi baba alipanda baiskeli kuukuu aliyoipata mjini, akapita Gasenyi, akakata katikati ya mashamba ya pamba mpaka mtoni. Huko alikata matete, akayafunga mzigo, jioni akarudi nayo, na mimi nikasuka mikeka na nyua za kuzungushia nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yetu. Lakini matete yalikuwa kisingizio. Mtu akimuuliza anakwenda wapi, alisema matete. Mimi nilijua kwamba anakwenda kukomba maji mtumbwini, kulegeza kamba, kukaza kamba, na kuangalia michikichi.

Siku nyingine nilikwenda naye kwa miguu, na njiani kote nilikuwa naota. Sikuwa msichana mdogo tena. Nilikuwa nimeishia darasa la tano kwa masista, najua kusoma, kuandika na kushona kola ya shati, na kichwani nilikuwa na mambo mengi kuliko yale niliyofundishwa. Niliota mama anavuka, bibi amekaa katikati kama malkia, analalamika kwamba maji ni baridi. Niliota tunapaka mtumbwi rangi ya samawati na kuuwekea paa la turubai, tuwe tunatembeza maharusi jioni za Jumapili. Nilimweleza baba hayo yote. Aliniuliza maharusi hao watalipa au watakuwa ndugu zetu. Nikasema watakuwa ndugu. Akasema basi paa na liwe dogo.

Baba ndiye aliyenionyesha kufunga. Rusizi si ziwa. Mjini jua linawaka, vumbi linapanda, na mto unajaa, kwa sababu mvua imenyesha mbali, kwenye milima tusiyoiona. Ukifunga kamba fupi, maji yakipanda kamba inaivuta pua chini, mtumbwi unakunywa na kuzama papo hapo kwenye kigingi chake. Ukifunga ndefu, unazunguka na kujipiga ukingoni kama mbuzi mkaidi. Kwa hiyo alifunga kamba mbili, moja ya pua na moja ya mkia, kwenye vigingi vilivyopigwa mbali na maji, na kila siku alizipima kwa mkono na kuzirekebisha. Kigingi kilipolegea kwa udongo kuporomoka, alipiga kingine nyuma yake. Baada ya muda ukingo ule ulijaa vigingi vya zamani vilivyobaki vinaning'inia hewani, na baba anarudi nyuma, anarudi nyuma, huku mto ukimfuata.

Kitu kimoja tu hakuweza kukifanya. Ng'ambo alikuwa akiupandisha mtumbwi nchi kavu mara kwa mara, anaupindua, anaukausha, anaupaka mafuta ya mawese tumboni. Hapa hakuthubutu. Mtumbwi uliopinduliwa majanini hauonekani kutoka kwenye michikichi, na hata ukionekana hausemi neno.

Maana mitumbwi ya kwetu inasema, na hili lazima nilieleze. Kwa wavushaji wa upande wetu, mtumbwi ukifungwa pua ikitazama juu, mto unakotoka, na pondo imesimamishwa wima ndani yake, maana yake ni kwamba mwenyewe yupo: ita, atakuja. Pondo ikilazwa, amesafiri, tafuta mwingine. Na mvushaji akifa, ndugu zake wanaugeuza mtumbwi, pua itazame chini, mto unakokwenda ziwani. Wanaitoa pondo, wanaipeleka nyumbani kwake, wanaiegemeza mlangoni mpaka siku za kilio ziishe. Nyumba yenye pondo mlangoni haiulizwi kitu. Mtoto wa kwetu anayajua hayo kabla hajajua kuogelea.

Askari wa upande huu walikuwa wamekataza kuvuka. Walipita ukingoni asubuhi na jioni, na mtumbwi uliofungwa hawakuwa na neno nao. Baba alisema hiyo haimsumbui. Siku mama akisimama pale atavuka, hata kama askari wote wa dunia watakuwa wamepanga mstari. Kwenda kumtafuta hakuweza, kwa sababu huko mwanaume akionekana alichukuliwa, na pia kwa sababu wangeweza kupishana, yeye yuko mlimani na mama yuko majini anaita. Walikuwa wamepatana mahali. Mahali ndipo hapo.

Miezi ikapita hivyo. Mvua moja ikaisha, nyingine ikaja.

Mnunuzi wetu mzuri wa mikeka alikuwa kijana mmoja mvuvi wa Buyenzi, Mwislamu, mtoto wa mjini kabisa, aliyezaliwa ananusa ndagala, dagaa wa ziwani. Alianika ndagala zake juu ya mikeka yetu ili zisishike mchanga. Alikuja mara nyingi kuliko mikeka aliyohitaji. Mama mwenye nyumba aliliona hilo, akaniuliza kama ndagala za huyo kijana zinajifunika mikeka pia. Baba naye aliliona, lakini alimpenda, kwa sababu kijana alijua kusikiliza habari za maji.

“Ndagala yangu sasa inalala muzuri kunipita mi,” alisema siku moja, anakunja mkeka mpya.

“We mutu ya ziwa,” baba akamjibu, “unajua maji yenye kulala tu. Ya kwetu inatembea.”

“Basi siku moja nitakuja kuiona hiyo maji yenye miguu, muzee.”

Baba akaugua malaria mwanzoni mwa mvua kubwa. Haikuwa ile ya kutetemeka siku mbili na kuamka. Hii ilimlaza, ikamgeuza macho manjano, akaanza kuzungumza na padri mnene kana kwamba yumo chumbani. Tulimpeleka dispensari, wakamlaza, na mimi nikalala chini ya kitanda chake kwenye mkeka wangu mwenyewe. Homa ikipungua, swali lake lilikuwa moja. Mto umejaa? Nani amelegeza kamba?

Sikuweza kumwacha, maana kila nilipotoka kuchota maji alijaribu kushuka kitandani. Yule kijana alipokuja na uji wa mama mwenye nyumba, alimkuta anang'ang'ana hivyo. Akasema yeye ana baiskeli, asubuhi ziwani hakuna kazi kwa sababu ndagala zinavuliwa usiku, ataenda. Baba akamshika mkono. Alimweleza kamba, kidole kwa kidole: ya pua iachie kiasi gani, ya mkia iachie kiasi gani, kigingi kipya kipigwe wapi, maji yakombwe mpaka mbao zionekane. Alirudia mara mbili huku meno yanagongana. Habari ya kamba alimweleza yote. Habari ya pua na pondo hakumweleza neno. Nani anamweleza mtu mzima jambo ambalo mtoto analijua? Na mimi nilikuwa nimesimama pale na bakuli la uji, namwangalia kijana na kufikiri jinsi anavyosikiliza vizuri.

Akaenda. Alirudi mchana amejaa matope mpaka magotini, anacheka. Alisema ile maji kweli ina miguu, tena ina na pembe. Mto ulikuwa umeng'oa kigingi kimoja, lakini aliwahi. Sasa ni salama.

“Iko salama?” baba akauliza.

“Salama kabisa, muzee. Nimefunga na akili yangu yote.”

Baba akalala usingizi, wa kwanza wa kweli tangu homa ianze. Tangu hapo kijana alikwenda kila asubuhi, ametoka ziwani hajafumba jicho, na kila mchana alipitia dispensari kutuletea neno lile moja, kwamba iko salama. Jamani, nililipenda neno hilo. Nililingoja kama wengine wanavyongoja dawa. Nilianza kuota mambo mapya, ya nyumba ya Buyenzi yenye ua, na jinsi nitakavyomweleza mama kwamba mkwe wake mvua yote ile alitunza mtumbwi wetu bila hata kuombwa. Nilifikiri bibi atauliza kama huyo Mwislamu anakula muhogo. Nilikuwa nimemwandalia na jibu.

Baba akaruhusiwa kurudi nyumbani, mwembamba, masikio yanalia kwa kwinini. Tulimlaza kwenye mkeka karibu na mlango apate hewa. Mimi nilikuwa nje, nakoroga uji, nilipoona watoto wa mtaa wanakimbia mbele ya baiskeli. Alikuwa ni yule kijana, amefunga kitu kirefu ubavuni mwa baiskeli, kinatokeza mbele na nyuma, na watu wanampisha wakimtania. Alishuka, akakifungua, akakiegemeza kwenye mlango wetu. Ilikuwa pondo ya baba.

Mwiko ulinitoka mkononi. Ndani, baba alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

“Nani amekufa?” akauliza.

Kijana akacheka, akidhani ni mabaki ya homa.

“Hakuna mwenye alikufa, muzee. Ni pondo yako hii. Kule wezi ni wengi, na kwetu ziwani hakuna mwenye kuacha kasia ndani ya mutumbwi. Tangu siku ya kwanza niliitunza kwangu, Buyenzi. Nikasema leo, muzee amepona, nimurudishie.”

Baba akajiinua zaidi. Alikuwa anaiangalia pondo kutoka chini mpaka juu.

“Na mutumbwi?” akasema. “Inaangalia wapi?”

“Inaangalia ziwa. Nimeigeuza muzuri, kama yetu. Siku unataka kutoka, unatoka tu.”

Tangu siku ya kwanza. Nilijaribu kuzihesabu siku hizo kichwani na nikaacha. Kijana alituangalia, baba, mimi, tena baba, na kicheko kikawa kinamtoka usoni polepole bila kujua kwa nini. Ilibidi mimi nimweleze, pale mlangoni, kwa sauti ya chini. Nilipofika kwenye pondo aliishika kama anataka kuiondoa, kisha akaogopa kuishika, akabaki ameinua mkono.

Jua lilikuwa linashuka, na askari hawakutaka mtu ukingoni gizani. Kulipopambazuka tulimkalisha baba kwenye baiskeli, kijana anasukuma, mimi namshikilia mgongoni, na pondo kijana ameibeba begani. Tulipita Gasenyi watu wakitutazama. Kwa mara ya kwanza kwenye njia ile sikuota kitu.

Mtumbwi ulikuwa umefungwa vizuri. Hilo lazima niliseme. Kamba zilikuwa safi, mafundo yalikuwa mazuri kuliko yetu, ndani pakavu mpaka mbao zinaonekana. Na pua ilikuwa inatazama ziwani.

Karibu na hapo alikuwapo mama mmoja Mrundi akipalilia pamba, tuliyezoea kusalimiana naye. Alimpa baba pole ya ugonjwa. Halafu, kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili kidogo, akauliza kama tulimfahamu yule mama wa upande wa pili.

Alisema alimwona siku zile mto ulipojaa. Alikuja na kizee amemshika mkono, akasimama kwenye michikichi, akaangalia upande huu. Hakuita. Aliangalia tu, kisha akaondoka. Kesho yake akaja tena, peke yake, akaingia majini mpaka hapa, akasema mama wa pamba akigusa magoti yake, kama mtu anayetaka kuona vizuri. Siku iliyofuata walikuja wanawake wengi. Huyo akakaa chini, wenzake wakamnyoa nywele palepale, na kilio kilivuka maji kikamfikia yeye huku kwenye pamba. Akasema alijua mtu amefiwa, akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kupalilia.

Baba alikuwa ameshika baiskeli. Alimwambia asante. Kisha akaanza kufungua kamba.

Kijana akamzuia, akasema hana nguvu, yeye ndiye atakayevusha, hata akamatwe. Baba akamwambia apande, na mimi nishike mwisho wa kamba ndefu mpaka watakapofika katikati ndipo niiachie. Sikubishana. Askari walikuwa wameshapita. Mimi nilisimama matopeni nimejizungushia kamba kiunoni, nao wakasukuma. Baba alisimama mbele na pondo, amenyooka kama alivyokuwa zamani, na kwa muda wa pumzi chache niliamini. Katika mawazo nilimwona mama anasikia habari, anashuka mlima mbio, kichwa kimenyolewa, anamtukana baba kwa kumwogopesha.

Hawakuwa wamefika mbali. Kijana alikanyaga katikati ili apate kuusawazisha mtumbwi, na mguu wake ukaingia ndani ya mti kama unavyoingia ndani ya muhogo uliolowekwa. Kwa mwaka mzima tumbo la mtumbwi ule lilikuwa limelalia maji na matope bila kukauka hata mara moja. Juu ulikuwa mzima, ukingoni ulikuwa mzima, pua yake ilikuwa nzuri ya kutazamwa kutoka mbali. Chini ulikuwa umeoza wote. Maji yalipanda haraka. Kijana aliruka, akamshika baba kwapani, na mimi nikavuta ile kamba na mama wa pamba akaja akavuta nami, tukiogopa mamba kuliko tulivyoogopa mto, mpaka wakapata kukanyaga chini.

Baba alikaa kwenye majani anatapika maji. Mtumbwi ulibaki palepale umezama, umefungwa bado. Pondo ilikwenda na mto, tukaiona ikizunguka mara mbili kwenye kona.

Tuliomba mitumbwi ya wengine, kwenye ile ghuba ya kivuli. Walimhurumia baba, lakini kila mmoja alikuwa na watoto, na askari walikuwa wamesikia habari za mtu aliyejaribu kuvuka. Wakaanza kukaa palepale mchana kutwa.

Yule kijana hakuonekana muda mrefu. Mikeka yake ilirundikana ukutani. Mwishowe baba ndiye aliyenituma Buyenzi kumwambia iko tayari. Alikuja ameinamisha kichwa, akakaa nje kama mgeni. Baba akatoka, akakaa karibu naye, akamwambia kwamba alifunga vizuri. Alifunga ya ziwa. Hakuna mutu alimufundisha ya mto, akasema, na yule mwenye kujua alikuwa anaongea na padri. Kijana akalia waziwazi, mwanaume mzima, na baba akamshika bega. Mimi nilibaki mlangoni. Nilitaka kwenda kukaa nao, na sikwenda. Mikono yake ilikuwa mizuri na nilikuwa nimeizoea katika ndoto zangu, lakini sasa kila nilipoiangalia niliona mafundo yale safi. Aliendelea kununua mikeka, mara chache zaidi. Mwaka uliofuata alioa msichana wa mtaa wao, na alituletea pilau kwenye sahani iliyofunikwa.

Habari za mama zilitufikia kwa njia ya ziwa, kwa mwanamke muuza mawese aliyekuwa akitoka Uvira na mitungi yake kila palipokuwa na nafasi. Baba alikuwa amempa neno moja aende nalo: mwambieni niko hai. Alilichukua, akalipeleka, akaja kutupa majibu kiangazi kilipoanza. Alikaa kwenye mkeka, akanywa maji kwanza, nikajua.

Alisema mama alikuwa amechelewa kushuka kwa sababu bibi alivunjika mguu mlimani, akamuuguza porini mpaka mguu ukaunga. Baada ya kuuona mtumbwi, ndugu za baba walikalia kilio chote, kwa taratibu zake zote. Kilipoisha, mama hakuwa na sababu ya kukaa karibu na mto. Akaungana na watu waliokuwa wanahama kwenda ndani, kwenye milima ya mbali, bibi amebebwa mgongoni kwa zamu. Neno letu lilifika nyuma yao. Lilipita kutoka kijiji hadi kijiji mpaka mahali ambapo vijiji vilikuwa vimechomwa, na hapo halikuwa na mtu wa kulibeba. Yeye mwenyewe aliuliza kila mahali. Hakuna aliyejua walikoelekea.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza kama kilio kilikuwa kikubwa. Muuza mawese akasema kilikuwa kikubwa, watu walitoka mbali, wale wote aliowahi kuwavusha, wengine hata walileta mbuzi. Baba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari za harusi ya jirani. Kisha akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani.

Aliporudi alikaa karibu yangu. Nilikuwa nasuka uzio wa mtu wa Gihosha, mrefu, matete yamejaa ua mzima. Nilitafuta la kumwambia. Mimi ambaye siku zote nilikuwa na la kusema, mwenye maharusi na mapaa ya turubai, sikupata hata moja. Baba akaokota tete, akalimenya ganda, akanipa. Akaokota lingine.

“Yeye amemaliza kilio yake,” akasema. “Na mi nitalia namna gani, mutoto yangu? Wangu hajakufa.”

Nikanyosha mkono. Alinipa tete, nikalipitisha juu ya kamba na chini ya kamba, nikalikaza. Akanipa lingine.